Nchi Jirani: Urani ya Kongo na Vyombo vya Kuilinda kwa Mbali

Mwaka 1998 polisi wa Italia waliokuwa wakilifuatilia genge la wahalifu walikamata ufito mmoja wa fueli ya nyuklia uliokuwa ukitafutiwa mnunuzi kwa siri. Ulipochunguzwa ilidhihirika kwamba ulitoka katika kinu kidogo cha utafiti kilichoko Kinshasa, mji mkuu wa jirani yetu wa magharibi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ufito wa pili uliotoweka katika kituo hicho haukupatikana.

Habari hiyo ilipita kama zipitavyo habari nyingi za Kongo, kwani Agosti ya mwaka ule ule vita vilizuka upya na macho ya watu yakaelekea huko. Hata hivyo ndani yake limo jambo ambalo mtu makini hawezi kuliacha lipite. Ziko taarifa zisemazo kwamba fito hizo ziliibwa katika miaka ya 1970. Ziko nyingine, nazo za watu wazito, zisemazo kwamba ziliibwa mwaka 1998 wenyewe. Baina ya nyakati hizo mbili imo miaka ishirini na ushei. Mwenye duka la rejareja akipotelewa na gunia la sukari hujua ni wiki ipi na zamu ya nani. Lakini kwa fito za urani, zilizokuwa na namba zake na daftari lake, dunia nzima ilibaki kubishana juu ya muongo. Mlinzi asiyejua siku ya wizi hakuwa akilinda. Alikuwa amekaa mlangoni tu.

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo hilo: namna nyenzo za nyuklia zinavyochungwa, vyombo vilivyobuniwa vya kuhesabu nyutroni na kupeleka hesabu yake mbali bila ya mtu kuwapo, na kwa nini historia ya Kongo inatuonyesha umuhimu wa vyombo hivyo na pia upungufu wake.

Urani ya Kongo ilijulikana mwaka 1915, pale Mwingereza Robert Rich Sharp, aliyekuwa akitafuta madini kwa niaba ya kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, alipolikuta jiwe lake mahali paitwapo Shinkolobwe, karibu na mji wa Likasi katika Katanga. Siku zile urani yenyewe haikuwa na thamani kubwa. Kilichotafutwa ni radiamu iliyomo ndani yake, ambayo iliuzwa kwa bei ya ajabu kwa matumizi ya hospitali. Soko la radiamu lilipofifia, mgodi ulifungwa kabla ya Vita Kuu ya Pili na maji yakajaa mashimoni.

Tarehe 2 Agosti 1939, Albert Einstein alitia saini barua kwa Rais Roosevelt wa Marekani, akimtahadharisha juu ya uwezekano wa bomu la aina mpya. Barua hiyo ilitaja kwamba chimbuko muhimu kabisa la urani lilikuwa Kongo ya Wabelgiji. Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, naye alikwisha kunusa hatari. Mwaka 1940 aliagiza tani zipatazo 1,200 za mawe ya Shinkolobwe zipelekwe New York, zikawekwa katika ghala la Staten Island. Zilikaa pale hadi Septemba 1942, ndipo afisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alipokwenda kuonana na Sengier na kuzinunua. Mawe yale yalikuwa na urani kiasi cha asilimia 65, hali migodi mingine iliyojulikana wakati huo ilikuwa ikihangaikia asilimia moja au chini ya hapo. Mgodi ukafunguliwa tena kwa haraka, na sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mpango wa bomu la atomiki la Marekani ikatoka mikononi mwa wachimbaji wa Katanga. Hawakuambiwa wanachimba nini, wala kinakwenda wapi. Hiroshima iliteketezwa tarehe 6 Agosti 1945.

Yafaa tuzingatie hapa kwamba katika enzi hiyo ulinzi wa urani ulikuwa na maana moja tu: kuwaficha wengine. Hapakuwa na sheria ya kimataifa, wala mkaguzi, wala chombo cha kupimia kisichokuwa cha mwenye mali.

Tarehe 8 Desemba 1953, Rais Eisenhower alitoa Umoja wa Mataifa hotuba yake juu ya atomi kwa ajili ya amani, na kutokana na fikra hiyo Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilianzishwa mwaka 1957, makao yake yakiwa Vienna. Fikra hiyo hiyo ndiyo iliyoleta kinu Kongo. Monsinyori Luc Gillon, mkuu wa Chuo Kikuu cha Lovanium, ambaye mwenyewe alikuwa mwanafizikia, alishughulikia kupatikana kwa kinu kidogo cha utafiti cha Kimarekani cha aina ya TRIGA. Kiliwashwa Juni 1959, miezi mitano tu baada ya ghasia za Januari za kudai uhuru katika mji uleule wa Léopoldville, kikawa kinu cha kwanza cha nyuklia katika bara la Afrika. Kilipewa jina la TRICO, yaani TRIGA ya Kongo, na uwezo wake ulikuwa kilowati 50. Nchi iliyotoa malighafi ya silaha kubwa kupita zote ililipwa chombo cha kufundishia wanafunzi, wakati ambapo wahitimu wake wazalendo wa chuo kikuu waliweza kuhesabika kwa vidole.

Kinu hicho kilizimwa mwaka 1970, na mwaka 1972 kikawashwa cha pili, TRICO II, chenye uwezo wa megawati moja. Mwaka 1970 Kongo ilikuwa imejiunga pia na Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, na hivyo fueli yake ikaingia chini ya ukaguzi wa Vienna. Ukaguzi wa siku hizo ulikuwa nini? Ulikuwa daftari, lakiri ya chuma, kamera ya filamu mahali ilipohitajika, na mkaguzi aliyefika kwa ndege, akahesabu, akatia saini na kurudi. Baina ya safari moja na nyingine, kituo kilibaki na kufuli na waaminifu wake. Na mshahara wa mwaminifu, katika Zaire ya Mobutu, ulikuwa ukiyeyuka mwaka hadi mwaka.

Katika muongo ule ule, Marekani ilianza jaribio lililoitwa RECOVER. Nia yake ilikuwa kuunganisha kamera na lakiri za vituo mbalimbali duniani kwa njia ya simu, ili Vienna iweze kuuliza wakati wowote kama kila kitu kiko mahali pake, na chombo chenyewe kijibu. Mitambo ya siku hizo ilikuwa mizito na simu zilikuwa mbovu. Lakini mbegu ilikwisha pandwa.

Tuje sasa kwenye nyutroni. Chembe hii iligunduliwa na Mwingereza James Chadwick mwaka 1932. Haina chaji ya umeme, kwa hiyo hupenya mahali ambapo chembe nyingine hukwama. Mtu anaweza kuificha mionzi ya gama kwa kuifunika na risasi nene. Nyutroni hupita katika risasi bila ya taabu kubwa. Hupunguzwa kasi na maji, nta au plastiki, kwa sababu vitu hivyo vina haidrojeni nyingi. Tena nyutroni ni haba katika maumbile. Chombo kinapoanza kuzihesabu kwa wingi mahali ambapo hazikutazamiwa, hapana budi kuuliza zimetoka wapi.

Plutoni hujitangaza yenyewe. Aina yake moja, plutoni-240, hupasuka bila ya kuchokozwa, na gramu moja tu hutoa nyutroni zipatazo elfu moja kwa sekunde. Kwa sababu hiyo hata kilo moja ya plutoni safi ya silaha, ambayo ina plutoni-240 kidogo, hutoa makumi elfu ya nyutroni kila sekunde. Kuzihesabu, wataalamu hutumia mirija ya chuma iliyojazwa gesi ya heliamu-3 na kuzungushiwa plastiki nzito. Plastiki huipunguza kasi nyutroni, gesi huimeza, na ndani ya mrija hutokea mshtuko mdogo wa umeme. Mshtuko mmoja, hesabu moja. Na kwa kuwa atomi inayopasuka hutoa nyutroni mbili au tatu kwa pamoja, chombo bora hutazama pia zile zinazofika kwa wakati mmoja, kama mtu atambuavyo kwa masikio kwamba nyayo azisikiazo ni za kundi na si za mpita njia.

Urani ni habari nyingine, na hapa wengi hudanganyika. Urani hunong'ona. Kilo moja yake katika hali ya kawaida hutoa nyutroni zisizozidi 14 kwa sekunde. Ufito mmoja mpya wa kinu cha aina ya Kinshasa una urani kama gramu 190, ambayo urani-235 ndani yake ni kama gramu 38. Ukipiga hesabu utaona kwamba ufito huo hutoa nyutroni mbili hivi kwa sekunde, sauti ambayo humezwa kabisa na nyutroni ziletwazo na mionzi ya angani. Chombo kilichokaa kimya mlangoni kisingeweza kuusikia ukipita. Kwa urani hutumika njia ya kuichokoza: kiini kidogo cha kutoa nyutroni huwekwa karibu, nyutroni zake huipasua urani-235, na chombo huhesabu jibu. Maabara ya Los Alamos ndiyo iliyoendeleza vyombo vya namna hiyo. Kinu kikiwaka, mambo hubadilika. Nyutroni humiminika, na chombo kilichowekwa nje ya ukuta wake kinaweza kueleza ni saa ngapi kiliwashwa, saa ngapi kilizimwa na kwa nguvu kiasi gani.

Ndugu msikilizaji, thamani ya chombo kimoja ni ndogo. Thamani hukua pale vyombo vinapounganishwa. Viwili vikiwekwa katika njia moja, kimoja mwanzo na kingine mwisho, tofauti ya wakati baina yao huonyesha kama mzigo ulikuwa ukiingia au ukitoka. Hesabu ya nyutroni ikipanda ghafula, kamera huamriwa kupiga picha. Lakiri ya kielektroniki huandika dakika iliyofunguliwa. Kila chombo hutoa ishara mara kwa mara kwamba kingali hai, na ukimya wake wenyewe ni taarifa. Hesabu hizo hutiwa alama ya siri ili asiweze mtu kuzibadilisha njiani, kisha hupelekwa Vienna kwa satelaiti au kwa nyaya. Katika kiwanda cha Rokkasho, Japani, ukaguzi ulijengwa tangu mwanzo juu ya vyombo vya namna hii vinavyofanya kazi bila ya mtu. Huko Aktau, Kazakhstan, katika ufuko wa Bahari ya Kaspi, palibaki baada ya kuvunjika kwa Muungano wa Kisovieti fueli yenye tani tatu hivi za plutoni bora ya silaha. Wataalamu waliipima fito kwa fito, ndani ya maji, kwa kuhesabu nyutroni, na mwaka 2010 ikamalizika kuhamishiwa mashariki ya nchi hiyo, safari ya kilomita 3,000.

Kuna kichekesho kichungu katika jambo hili, nacho ni kwamba heliamu-3 yenyewe hutokana na mabomu. Hupatikana hasa kutokana na kuoza kwa tritiamu iliyotengenezwa kwa ajili ya silaha za haidrojeni. Baada ya mwaka 2001 Marekani ilipojaza milango ya kupimia nyutroni katika bandari na mipaka, akiba ya gesi hiyo ilipungua sana, na kufikia mwaka 2009 uhaba ulikuwa dhahiri, hata wataalamu wakalazimika kugeukia boroni na lithiamu.

Wala tusidhani kwamba vyombo hivi ni dawa ya kila ugonjwa. Desemba 2002 Korea Kaskazini ilikata lakiri na kuzima kamera za Yongbyon, na mwisho wa mwezi wakaguzi wakafukuzwa. Machi 2022, majeshi ya Urusi yalipokuwa yameingia Chernobyl na Zaporizhzhia katika Ukraine, Vienna ilitangaza kwamba imepoteza mawasiliano na vyombo vyake katika vituo vyote viwili, kwa kufuatana siku moja baada ya nyingine. Mawasiliano yalirejeshwa baadaye, lakini kwa muda huo wakaguzi walikuwa kama mtu aliyekatikiwa na simu katikati ya sentensi. Chombo hakiwezi kumzuia askari. Kinachoweza kufanya ni kuacha alama ya saa.

Na saa ndiyo kiini cha hoja. Afrika ya Kusini, iliyoundwa mabomu sita katika zama za makaburu, iliyabomoa kabla ya kujiunga na Mkataba mwaka 1991, na Rais de Klerk akaitangazia dunia tarehe 24 Machi 1993. Wakaguzi walipofika, mabomu hayakuwapo tena ya kuhesabiwa. Walichokuwa nacho ni kumbukumbu za uendeshaji za kiwanda cha kurutubisha urani, na kwa kuzipitia hizo waliweza kuridhika kwamba hesabu inalingana. Serikali ile ilikuwa dhalimu kwa watu wake, lakini daftari lake lilikuwa linasomeka. Kinshasa hapakuwa na bomu wala nia ya bomu, hata hivyo fito mbili zikapotea katika giza la daftari.

Tuseme ukweli juu ya ukubwa wa hatari yenyewe. Vienna huhesabu kwamba kwa urani iliyorutubishwa chini ya asilimia 20, kiasi cha kutia wasiwasi wa bomu ni kile chenye kilo 75 za urani-235. Kwa fito za Kinshasa hiyo ni karibu fito 2,000, na kinu cha aina hiyo huwa na kadiri ya mia moja tu. Wanaotutisha kwamba Kongo ingeweza kumpa mtu bomu kutokana na kinu kile wanatia chumvi. Hatari ya ufito mmoja ni nyingine: kuzagaa kwa sumu, ulaghai wa magenge, na zaidi ya yote aibu ya nchi kunyimwa neno juu ya mali yake mwenyewe kwa sababu haikuweza kueleza ilipo.

Hapa ndipo linapozuka swali ambalo wataalamu wa mataifa makubwa hawapendi kulijibu. Hesabu zinazotoka katika chombo zinasikilizwa na nani kwanza? Ikiwa mlango wa ghala unafunguka usiku katika mji wa Afrika, na habari inafika Ulaya kabla ya kumfikia mkuu wa polisi wa mji huo, basi chombo kile kinamchunga Mwafrika na hakimsaidii kuchunga. Tena mataifa matano ambayo Mkataba unayatambua kuwa na silaha za nyuklia hayalazimishwi kuifungulia Vienna maghala ya silaha zao. Bara letu linao Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika mwaka 2009, ambao kifungu chake cha 10 kinadai ulinzi wa nyenzo za nyuklia, na inayo Tume ya Afrika ya Nguvu za Nyuklia iliyotokana nao. Mwandishi wa maelezo haya haoni sababu ya tume hiyo kutokuwa na chumba chake cha kupokea hesabu hizo, sambamba na Vienna na sambamba na serikali inayohusika. Gharama yake ni ndogo kuliko ya ndege moja ya kivita.

TRICO II ilisimamishwa mwaka 2004. Katika mwaka huo huo Shinkolobwe nayo ilirudi katika habari. Wabelgiji walikuwa wameyaziba mashimo yake kwa zege wakati wa uhuru mwaka 1960, lakini tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 maelfu ya wachimbaji wadogo, watu wa Katanga wazungumzao Kiswahili kama sisi, walipachimbua upya kutafuta kobalti. Januari 2004 Rais Joseph Kabila alitoa amri ya kupafunga. Julai udongo uliporomoka, ukaua wachimbaji, na ndipo Umoja wa Mataifa ukapeleka timu ya uchunguzi.

Kobalti ya eneo lile huja ikiwa imechanganyika na urani, na mchimbaji haioni kwa macho. Jiwe la namna hiyo chombo cha nyutroni hakifai kulikamata. Linataka kipimo cha mionzi ya gama, kile cha kushika mkononi, pamoja na mtu aliyefunzwa kukisoma na anayelipwa kwa wakati. Shaba na kobalti ya Katanga hutoka kwa malori kupitia Kasumbalesa, huvuka Zambia, huingia kwetu Tunduma na kuteremka hadi bandari ya Dar es Salaam. Tanzania inayo Tume yake ya Nguvu za Atomiki kwa sheria ya mwaka 2003, nayo kazi yake huanzia pale dereva anaposimamisha lori na kukabidhi karatasi zake dirishani.